Siku tatu za jua, nani anazilipa?

Niko Chidya. Nimekuja kumsalimia bibi, si kikazi. Daftari nililiacha mjini makusudi, lakini kuna jambo limenichefua na siwezi kulinyamazia.

Njiani, kwenye basi la Masasi, nilikuwa nasoma mabishano ya wavutaji wa biri, yale masigara manene ya Cuba. Watu wazima wanabishana biri mpya ipumzike siku ngapi kwenye kasha lake kabla ya kuwashwa. Mmoja anasema wiki mbili, mwingine mwezi. Kasha lina kipima unyevu ndani, mshale ukae kwenye asilimia 65 mpaka 70, ukizidi biri zinaota ukungu. Nikacheka peke yangu mpaka jirani akanitazama. Kisha nikafika kwa bibi, nikamkuta ameinama juu ya mkeka anageuza korosho. Bibi naye anabishana na unyevu, ila yeye kipimo chake ni ukucha.

Kwa msiojua: korosho haichumwi, inadondoka yenyewe ikikomaa. Unaiokota, unaitenga na bibo, unaianika juani siku mbili tatu huku ukiigeuza, kisha unaiacha ipoe kabla ya kuitia kwenye gunia. Bibi anabonyeza ganda kwa ukucha. Likiacha alama, bado. Anatikisa kiganja sikioni, kokwa ikigonga ndani, tayari. Ghalani wanataka unyevu usiozidi asilimia 10. Ukifunga gunia mbichi, joto linapanda ndani, ukungu unaingia, kokwa inageuka rangi. Bibi anayajua haya tangu kabla sijazaliwa.

Sasa kila msimu tunasikia wimbo uleule majukwaani: mkulima kausha korosho, mkulima acha tamaa, mkulima unaharibu sifa ya nchi. Sikatai, wapo wanaotia mchanga na kokoto kwenye magunia, na hao ni wezi kama wezi wengine. Lakini hebu tupige hesabu kidogo, hesabu ya darasa la saba tu.

Chukua kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 14. Ndani yake kuna kilo 86 za korosho yenyewe, zilizobaki ni maji. Zikaushe mpaka asilimia 8, mzani utasoma kilo 93 na nusu hivi. Kilo 6 na nusu zimepaa angani. Kwa bei ya shilingi 4,000, bei ambayo minada ya mwanzo ya msimu wa 2024/25 iliipita, hizo ni shilingi 26,000. Bibi yangu, kwa uaminifu wake, anajikata shilingi 26,000 katika kila kilo 100. Halafu korosho zake zinachanganywa na za jirani kwenye lundo la daraja la kwanza, wanalipwa bei moja. Jirani ameanika nusu siku. Nani mjinga hapo?

Na hapo ni kama bibi anaweza kusubiri. Asiyeweza anakutana na kangomba, yule jamaa wa bakuli anayepita shambani na noti mfukoni. Kangomba haulizi unyevu. Ni haramu, mwaka 2018 Rais Magufuli alimpigia kelele nchi nzima ikasikia, lakini mtoto akidaiwa sare ya shule Oktoba, bakuli liko karibu kuliko mnada.

Maana hata ukishafikisha ghalani, kuna kusubiri kwingine. Stakabadhi ghalani ilipoanza kwenye korosho msimu wa 2007/08, mkulima alihama kutoka kuuza mkononi kwenda kuuza kwa karatasi. Mimi naiunga mkono, bei za mnada zimemtoa mbali. Lakini korosho ikikaa ghalani inazidi kukauka, mzani unashuka, na ukishushwa kunazuka ugomvi wa unyaufu: nani abebe zile kilo zilizopotea? Mara nyingi macho yanarudi kwa chama cha msingi, na chama cha msingi ndio huyuhuyu bibi. Mkumbuke pia 2018: wanunuzi walikuja na bei chini ya shilingi 3,000, wakulima wakagoma, Novemba serikali ikachukua mzigo kwa shilingi 3,300 na wanajeshi wakasimamia. Mkataba na kampuni ya Kenya wa tani 100,000 ukasainiwa Januari 2019, ukavunjwa miezi michache baadaye. Korosho zikalala maghalani. Hapo sikusikia mtu akihubiriwa habari za tamaa.

Ninachosema hakihitaji semina hotelini. Weka kipima unyevu kwenye mzani wa kila chama cha msingi, mkulima akisome kwa macho yake, na malipo yafuate uzito mkavu. Mwenye asilimia 8 aongezewe, mwenye 12 apunguziwe au arudishwe mkekani. Vipima hivyo vipo, wanunuzi wanavyo mifukoni mwao. Kwa nini kifaa kiwe upande mmoja tu wa mzani?

Nimemweleza bibi hesabu ya shilingi 26,000. Akaniambia, "Mjukuu wangu, geuza upande ule, wingu linakuja."