Kanisa la Kwanza ni Nyumbani

Wahenga walinena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii tumeiandika katika insha zetu tangu shule ya msingi hata imekuwa kama wimbo. Mwalimu akianza, sisi tunamalizia. Lakini je, ndugu msomaji, umewahi kujiuliza huko kulea hasa hufanyika wapi? Leo nimeshika kalamu kutoa maoni yangu, na maoni yenyewe ni haya: imani ya Kikristo hufundishwa kwanza nyumbani, yaani jikoni, shambani na mezani pa chakula, kabla haijafika kanisani wala katika kipindi cha C.R.E. Tena hufundishwa kwa matendo ambayo mara nyingi mzazi mwenyewe hana habari kwamba kuna macho madogo yanayomtazama.

Sisemi hivi kwa kuwadharau walimu wetu, hasha! Wametusomesha Agano la Kale na Jipya kwa bidii. Hata hivyo, kujua jibu la mtihani ni jambo moja na kuamini ni jambo jingine. Mimi naweza kukuandikia hoja tano kuhusu toba nikapata alama zote tano. Lakini toba yenyewe niliiona kwa macho yangu likizo ya Aprili mwaka wa 2025, kwetu nyumbani katika kaunti ya Trans Nzoia, na niliiona kwa mtu ambaye sikumtarajia hata kidogo. Nitafika hapo. Kwanza nianze na jambo dogo.

Sisi tumezaliwa watano, na kitinda mimba wetu aliachishwa kunyonya likizo hiyo hiyo. Mama alijipaka shubiri kwenye titi. Mtoto alipoonja, wee! Alikunja uso, akamtazama Mama kana kwamba amegeuka mtu mwingine. Alilia usiku kucha. Mimi nililala chumba cha pili na sikupata usingizi. Nikasema moyoni, huyu Mama ana ukatili gani? Si ampe tu, sote tulale? Asubuhi nikamkuta Mama jikoni akikoroga uji wa mtoto, macho yamevimba. Kumbe naye alikuwa amelia. Alimnyima mwanawe kile alichokililia, na kumnyima huko kulimuuma yeye kuliko mtoto. Juma lilipokwisha, mtoto alikuwa akinywa uji wake bila taabu, kisha akilala kwenye mapaja ya Mama kwa utulivu, wala hatafuti kitu. Alimtaka Mama tu.

Nilikuwa nimeisoma Zaburi ya 131 mara nyingi nikaipita kwa sababu ni fupi mno. Mwandishi wake anaifananisha nafsi yake na mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa, aliyetulia kwa mamaye. Siku ile ndipo nilipoielewa. Tangu matokeo ya K.C.P.E. ya mwaka wa 2023 mimi nilikuwa nimemnunia Mungu. Niliomba na kufunga ili niitwe shule fulani ya kitaifa, nikaikosa, nikaletwa hapa. (Msinikasirikie, wenzangu, sasa nimekwisha kuizoea!) Nilidhani aliyenyima hana upendo. Mama alinifundisha bila kufungua kinywa kwamba anayenyima anaweza kuwa analia nawe usiku huo huo.

Sasa nije kwa Baba.

Baba ni mzee wa kanisa. Ni mtu wa maneno machache, na akiingia nyumbani hata redio hupunguzwa sauti. Wakati huo tulikuwa tunajiandaa kupanda mahindi. Baba alikuwa ametoa shilingi elfu tano kwa M-Pesa, pesa za magunia mawili ya mbolea. Siku ya Ijumaa asubuhi alizitafuta mahali alipodhani ameziweka, hazipo. Akapekua, akainua godoro, hazipo. Alipouliza ni nani aliyeingia chumbani, dada mdogo akasema aliniona. Ni kweli niliingia. Nilikwenda kuchukua pasi.

Basi, jamani, mambo yalianzia hapo. Niliapa, nililia, sikusikilizwa. Jirani yetu mmoja alikuwa amekuja kuazima jembe, na mbele yake Baba akasema, "Kumbe nimelea mwizi." Heri angenichapa. Kiboko huuma kikapoa, lakini neno lile lilikwama kifuani kama mwiba wa samaki kooni. Jioni, katika maombi ya familia, Baba alimwomba Mungu aulainishe moyo wa mtoto aliyepotea. Wote wakaitika Amina. Mimi nikanyamaza. Nakiri kwamba usiku ule niliona dini yote ni maneno matupu. Nilijiuliza, kama huyu ndiye anayemwita Mungu Baba, mimi nikisema "Baba yetu" nitamfikiria nani?

Jumapili tulikwenda kanisani. Baba alivaa koti lake la Jumapili, lile ambalo halivaliwi siku nyingine. Ulipofika wakati wa sadaka alitia mkono mfuko wa ndani, kisha mkono ukabaki humo humo. Nilimwona. Alitoa noti tano za elfu moja zilizokunjwa vizuri, akazitazama, akazirudisha. Uso wake ulibadilika. Njiani kurudi nyumbani hakusema neno, na chakula cha mchana alikigusagusa tu.

Hapa, msomaji, fikiria angeweza kufanya nini. Angeweza kusema, "Zile pesa zimepatikana," akaishia hapo. Nani angemuuliza? Angeweza kunipa shilingi mia mbili nikanunue soda, na sote tungeelewa kwamba yamekwisha. Ndivyo wazazi wengi hufanya, na sisi watoto hukubali kwa sababu hatuna la kufanya. Baba hakufanya hivyo. Jioni alituma mtu kumwita yule jirani aliyesikia neno la Ijumaa. Akatukusanya sote sebuleni, hata mdogo wetu wa miaka sita. Kisha akasimama. Kwetu baba huketi na watoto ndio husimama, lakini siku ile alisimama, akavua kofia, akasema, "Mwanangu, nilikuita mwizi mbele ya watu. Pesa nilikuwa nazo mimi mwenyewe. Nimekukosea, na nimekosa mbele za Mungu. Nakuomba unisamehe."

Kimya kilikuwa kizito hata tukasikia kuku wakigombea kitulio bandani. Huyu wa miaka sita akauliza, "Kwani hata baba huomba msamaha?" Jirani akacheka, Mama akacheka huku akijifuta kwa leso, na Baba mwenyewe akatabasamu.

Nitakuwa mwongo nikiandika kwamba nilimsamehe papo hapo. Nilijibu, "Ndiyo, Baba," lakini lilikuwa jibu la mdomo. Moyo ulikuwa bado unahesabu. Siku mbili baadaye tulikwenda kupanda. Baba akichimba mashimo, mimi nikitia mbolea, dada akidondosha mbegu na kufukia. Kufikia mstari wa kumi hivi nikagundua kwamba ninamsimulia Baba hadithi za bwenini, naye anacheka. Sikumbuki ni katika shimo gani nilipoiacha hasira yangu. Najua tu kwamba nilitoka nayo nyumbani na sikurudi nayo.

Niliposimulia jambo hili bwenini muhula wa pili, lilizuka zogo. Wenzangu kadhaa walishikilia kwamba Baba alikosea. Ati baba akimwomba mtoto msamaha, amejishusha. Kesho mtoto atampanda kichwani. Wakanipigia methali, mchelea mwana kulia hulia yeye. Hoja hii si ya kupuuzwa, maana wazee wetu hawakuwa wajinga, na hata Biblia inawaunga mkono kwa upande mmoja. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli tunasoma habari za kuhani Eli. Wanawe walifanya maovu hekaluni, yeye akawa akiwaonya kwa maneno tu bila kuwazuia, na hukumu ikaiangukia nyumba yake. Kulea kwa kubembeleza si upendo.

Lakini nawauliza wenzangu: kuomba msamaha na kudekeza ni kitu kimoja kweli? Mwezi uo huo Baba alinikemea vikali nilipochelewa kurudi kutoka sokoni, akanipa kazi ya kusafisha zizi juma zima. Niliifanya bila kununa. Kwa nini? Kwa sababu sasa nilijua kwamba akiniambia nimekosa, ni kweli nimekosa. Mtu huyu hata makosa yake mwenyewe huyasema. Heshima yangu kwake haikupungua, iliongezeka. Hapo awali nilimwogopa tu. Mfalme Daudi naye, nabii Nathani alipomkabili kwa ajili ya dhambi yake, hakutafuta kisingizio. Alikiri, na hatukumbuki leo kwamba alijishusha. Wahenga pia waliliona jambo hili waliposema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Asiye muungwana husimama vivyo hivyo akadai amevaa.

Kuna wengine watakaosema, "Wewe unasema hivyo kwa kuwa una baba." Hili najua linauma, kwa maana baadhi yetu katika shule hii tumelelewa na mama peke yake, au na nyanya, au na shangazi. Nawakumbusha kijana Timotheo. Paulo alipomwandikia barua ya pili, aliitaja imani iliyokaa kwanza katika nyanya yake Loisi na mama yake Eunike. Kanisa la Timotheo la kwanza lilikuwa la wanawake wawili, na likatosha kumtoa mchungaji. Nyanya anayewaamsha alfajiri muombe kabla ya kwenda kuteka maji, na anayemgawia jirani unga akijua debe linakaribia kuisha, huyo ni mwalimu wa imani hata kama hajui kusoma.

Basi nasema nini? Kwa wazazi mtakaolisoma jarida hili tukilileta nyumbani, nawaomba kwa unyenyekevu: msituachie walimu na Shule ya Jumapili peke yao. Sisi wa bweni tunakaa nanyi siku chache kwa mwaka, kwa hiyo siku hizo zina uzito. Kumbukumbu la Torati, mlango wa sita, linawaagiza wazazi wayazungumze mambo ya Mungu wakiwa wameketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Halitaji ubao wala mtihani. Naye Paulo, alipowaandikia Waefeso, aliwaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao hadi wakaghadhibika. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, ibara ya 53, inawapa baba na mama wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Hiyo ni sheria nzuri. Lakini hakuna sheria inayoweza kumlazimisha baba kuvua kofia mbele ya mwanawe. Hapo ndipo imani inapoanzia.

Na sisi wanafunzi tusidhani kwamba mahubiri haya ni ya wakubwa tu. Siku tatu kabla ya kurudi shuleni nilimkaripia yule mdogo wangu wa miaka sita ati ameivunja kalamu yangu ya wino. Baadaye nikakumbuka kwamba niliikalia mwenyewe. Nilitaka kunyamaza. Yeye ni mtoto, angesahau hata kabla ya chakula cha jioni. Lakini miguu haikukubali kutulia. Nilimfuata uani alikokuwa akicheza na gari la waya, nikachuchumaa, nikamwambia nimemkosea. Alinitazama kidogo, akasema, "Sawa, nisukumie gari." Nikalisukuma. Ilikuwa vigumu kuliko hoja tano za mtihani, wallahi, na hakuna aliyenipa alama.

Wenzangu Waislamu na wa dini nyinginezo, nimeandika kama Mkristo kwa kuwa ndiyo nyumba niliyozaliwa. Naamini hata kwenu yako mafunzo ya namna hii, na ningependa kuyasoma katika toleo lijalo.

Kwa sasa naweka kalamu chini. Likizo inakaribia. Utakapofika nyumbani, tazama vizuri: yuko anayekesha, yuko anayejinyima, na pengine yuko anayejaribu kusema "nisamehe" asijue aanzie wapi. Akianza, usimcheke. Na kama wewe ndiwe uliyekosa, usimngoje mkubwa atangulie.