Nani Aliyeiharibu Lugha?

Kijana msomaji, hapa Msambweni kwa Wadigo maji ni madzi. Ukishuka kusini, Funzi na Shimoni utasikia Kichifundi. Wasini na Vanga, Kivumba. Ukipanda Mombasa, mtu akikuambia "ndoo", usikimbilie kisimani, maana anakuita uende kwake; na njaa ya Mvita huyo ni ndaa, na njia yake ni ndia. Watoto wa watu hao huchekwa shuleni, na kicheko chenyewe hupewa jina la usafi wa lugha. Mimi nalikataa jina hilo.

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa yenyewe uliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu. Uteuzi huo ulikuwa na manufaa, kwani kitabu kimoja kiliweza kusomwa katika nchi nyingi. Lakini haukumpa mtu yeyote ruhusa ya kumcheka bibi yake.

Tena wachekao wenyewe ni wazito wa masikio. Tamka paa la nyumba, kisha paa wa mwituni. Vinywani mwa wazee wa pwani hayo ni maneno mawili: weka kiganja mbele ya mdomo, nawe utahisi pumzi ikimtoka yule wa mwituni, la nyumba halina pumzi hiyo. Ndivyo yalivyo pia kaa la moto na kaa wa mikokoni. Herufi tuandikazo hazionyeshi tofauti hiyo, na ajifunzaye kwa macho tu huipoteza. Basi ni nani aliyeiharibu lugha: atengaye maana mbili kwa pumzi, au aliyezichanganya akapewa alama zote?

Wala nanyi wa pwani msijivune. Aliyesoma chuoni hutamka dhambi na thamani, ulimi baina ya meno, mwingine husema zambi na samani (na samani, kumbe, ni viti na vitanda!), na papo hapo hupimwa elimu yake, hata dini yake. Mwenzenu wa bara achanganyaye l na r hutaniwa mpaka akanyamaza darasani. Huyo afundishwe, kwa kuwa kula si kura. Lakini tangu lini kicheko kikawa somo?

Katika mtihani andika njaa, ndiyo kanuni ya karatasi. Bibi yako wa Mombasa akikuuliza kama una ndaa, mjibu upesi, chakula kinapoa.