Kisima kwanza, minara baadaye

Ukipanda basi la Poggibonsi kwenda San Gimignano, minara utaiona kabla ya mji wenyewe. Imesimama 14 juu ya kilima, chini yake mizabibu na mizeituni ya Toscana, na simulizi za huko zinasema zamani ilikuwa 72. Ndani ya basi simu zote zilikwenda dirishani kwa pamoja. Shemeji yangu, mkazi wa Firenze wa miaka mingi, alinigonga bega: "Shemeji, piga picha basi, hicho ndicho tulichokijia."

Nilipiga. Lakini niseme wazi: minara ile inasifiwa kupita kiasi. Ni majigambo ya matajiri, basi. Mji ulikuwa kwenye Via Francigena, njia ya mahujaji wa kwenda Roma, na wenyeji walipata fedha kwa wapita njia na kwa zafarani, hiyo hiyo tunayoitia kwenye biriani. Fedha zilipojaa, koo zikaanza kuoneshana. Ardinghelli wakiinua ukuta, mahasimu wao Salvucci nao wanainua. Humo ndani ni pembamba, giza, kuta nene. Mtu mwenye akili zake asingechagua kulelea wana pale. Fujo ilizidi hadi mwaka 1255 sheria ya mji ikakataza mtu binafsi kuupita mnara wa Rognosa, wenye mita 51. Kisha utawala wenyewe ukajenga Torre Grossa, uliokamilika mwaka 1311, wa mita 54. Wasomaji wa gazeti hili sidhani kama watashangaa.

Sasa kisima. Kipo katikati ya uwanja wa Piazza della Cisterna, juu ya ngazi za pembe nane, na sakafu ya uwanja ni matofali yaliyolazwa mshazari kama mkeka. Kilijengwa mwaka 1273, kikapanuliwa 1346. Watalii huketi kwenye ngazi zake wakilamba aiskrimu, migongo wamekipa. Mimi niliwaomba radhi nikapenya, nikaweka kidole kwenye ukingo. Jiwe lina mifuo, mingine ya kina cha kutosha kulaza kidole. Ni kamba hizo: watu wamevuta ndoo, wamevuta, hadi jiwe likalika. Mtu aliyepanga foleni ya maji na madumu yake tangu alfajiri hahitaji kuelezwa mifuo ile imegharimu migongo mingapi. Ukoo wa Salvucci ulikunywa maji hayo, na mtumishi wao aliyetumwa kuyateka aliyanywa vilevile.

Waongoza wageni wanapenda kusema mji umehifadhiwa vizuri, na UNESCO waliutia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1990. Sawa. Ila kilichouhifadhi kwanza ni balaa. Tauni ya mwaka 1348 iliua watu wengi mno, na mwaka 1353 mji ukajisalimisha kwa Firenze. Biashara ikapooza. Miji iliyoendelea kuwa na fedha ilibomoa minara yake ikajenga vya kisasa. San Gimignano haikuwa na fedha ya kujenga, ikabaki na ilichonacho. Leo umaskini ule ndio unaoleta mabasi. Barabara kuu kutoka lango la San Giovanni ni mikoba ya ngozi, soseji za nguruwe mwitu na, Mungu atunusuru, makumbusho ya vyombo vya mateso. Humo sikuingia.

Kanisa la Collegiata ingieni, ukuta hadi ukuta ni picha za Biblia, na chumba cha Mtakatifu Fina alichokichora Ghirlandaio kina utulivu wake. Kisha fanyeni wasichofanya wengi: shukeni Porta delle Fonti, mtoke nje ya ukuta. Huko chini ziko Fonti, matao ya kale, mengine ya mviringo, mengine yamechongoka, na chini ya kila tao birika la maji. Ndipo walipofulia wanawake wa mji na ndipo ilipooshwa sufu. Siku ile tulikuwa wawili tu na paka mmoja. Fikiria nguo zilizolowa, mtu anazipandisha kilima kile kichwani au begani, na juu bado kuna minara ya kuvutia wageni.

Shemeji alilalamika kwamba tumeacha kupanda Torre Grossa, ngazi 218, mandhari yote ya bonde. Nilimwambia apande yeye, mimi nitamngoja kisimani. Wahusika wa utalii wa mji ule wangefanya jambo moja jema: wakatoe kibao kimoja cha mateso langoni, waweke cha kuelekeza Fonti. Kiingilio hakuna. Vaeni raba tu, maana kurudi juu ni mlima kwelikweli.