Kadogo, punk si nywele

Siku moja mu carré, kijana alitoka mu puits amevaa t-shirt nyeusi ya balle. Mbele iliandikwa PUNK kwa herufi kubwa, matope imefunika nusu. Akaniuliza: « Yaya, hii neno njo nini? Banasema ni ya bavoyou. » Nikamujibu haraka-haraka kwamba ni muziki ya wazungu wenye nywele za rangi, na nikapita. Tangu siku ile ninaona kama nilimudanganya. Leo ninataka kumujibu tena, mbele ya watu wote.

Neno hili lilipata nguvu mu London, Uingereza, mwaka 1976. Vijana wengi walikuwa bila kazi, na wenye kusikiwa ku radio na mu magazeti walikuwa wakubwa wenye studio na pesa. Vijana wakashika gitaa bila kujua kupiga vizuri, na wakapiga vilevile. Nguo ikipasuka, wanafunga na épingle. Karani mmoja wa banki, Mark Perry, aliona magazeti makubwa haiandike vizuri juu ya muziki aliyopenda. Akatengeneza gazeti yake mwenyewe, kwa machine ya kuandikia na feutre, akaiita Sniffin' Glue. Punk njo ile: haungoje mukubwa akupe ruhusa, haungoje chombo kizuri. Uko na neno ya kusema, unaisema na kile kiko mukononi.

Kisha wenye pesa wakakamata nguo, wakaacha roho. Mwaka 2013, Metropolitan, musée kubwa ya New York, ilionyesha nguo za punk pamoja na nguo za wafundi wa bei kali. Mwaka 2016, Joe Corré, ambaye wazazi wake waliuza nguo za punk mu London tangu mwanzo, alichoma moto mali yake ya punk juu ya mashua ku mto Thames. Alikasirika kuona uasi umegeuka kitu cha musée. Na leo jeans inapasuliwa mu usine, ndipo inauzwa ghali. Yetu inapasuka mu puits, na hakuna mwenye anaongeza bei juu ya ile.

Basi punk wa wakati huu tumutafute wapi? Minasema tumutafute Beni, na hana nywele za rangi. Amevaa uniforme ya masomo, bleu na nyeupe.

Mwezi wa nne 2021, wanafunzi wa Beni waliacha darasa, wakaenda kukaa ku mairie. Walilala pale. Walikuwa wamechoka kuzika wazazi na wenzao, wakaomba Président Tshisekedi afike aone kwa macho yake. Hawakuwa na chama wala bunduki. Walikuwa na mukeka, kartoni zenye kuandikwa, na sauti. Mwisho wa mwezi polisi ikawatoa. Mwezi wa sita, Président akafika Beni. Mauaji haikuisha, hilo tunajua sisi wote. Lakini watoto wale walionyesha kwamba kukaa chini tu, wengi pamoja, kunaweza kusikika mpaka Kinshasa.

Mwingine atasema: hata wenye kushika bunduki walikataa. Hapana. Mwenye kushika bunduki leo, kesho ako na chef, na kesho kutwa anaweka barrière. Wewe creuseur, barrière unaijua: ukienda unalipa, ukirudi unalipa. Yule aliyekataa jana njo anakulipisha leo. Punk hana barrière.

Mama zetu wanasema kusema kunaua, na hawasemi bure. Tarehe 21 mwezi wa tano 2020, Freddy Kambale, kijana wa LUCHA, alipigwa risasi na polisi mu Beni wakati wa maandamano juu ya mauaji. Alikufa. Mwezi wa 11 2021, wenzake wengine walikamatwa mu Beni juu ya kupinga état de siège. Mwezi wa nne 2022, 12 kati yao wakahukumiwa miezi 12 ya gereza. Kwa hiyo siwezi kukaa hapa na kalamu, nikatuma mutoto wa mama mwingine mbele ya risasi.

Lakini kuna kukataa kwingine, kadogo, kwa kila siku. Ku balance, mara nyingi tunapimiwa mchanga na kipande cha feza cha zamani na njiti ya kiberiti. Nani alikata ile njiti? Nani aliipima yenyewe? Kila puits inunue cahier moja. Muandike nani ameshuka na nani amepanda. Muandike gramu ngapi imetoka, PDG amechukua ngapi, ushuru gani imelipwa na imelipwa ku nani. Mamans twangaises, wenye kutwanga mawe toka asubuhi mpaka mikono inavimba, nao wawe na cahier yao.

Na si juu ya pesa tu. Usiku wa tarehe 8 mwezi wa tisa 2025, ADF waliua watu ku matanga pale Ntoyo, hapa karibu yetu. Radio ikasema « zaidi ya 60 ». « Zaidi ya » si jina la mtu. Mu carré tunajuana kwa majina ya utani: Chuma, Kadogo, Mzee wa Butembo. Mtu akipotea, mama yake atamuuliza nani? Atauliza jina gani? Cahier ingeweza kumujibu.

Ninajua mtasema cahier nayo inaweza kuleta matata. Ni kweli. Ikikuwa ya mtu mmoja, watamupasulia na kumupiga. Kwa hiyo isiwe ya mtu mmoja. Puits zote ziandike, siku moja, na kila kundi lifiche ya pili ku nyumba. Watoto wa Beni hawakuenda ku mairie mmoja-mmoja.

Kadogo, kama unasoma hii, t-shirt yako uvae tu, iko muzuri. Lakini siku ukifika ku balance, usinyamaze. Sema kwa adabu: « Papa, unionyeshe ile njiti. » Na mwenzako asimame kando yako, anaandika.