Mwanafunzi wa Kiswahili na Meza ya Taa

Wahakiki wetu wa tamthilia huandika kurasa nyingi kuhusu dhamira, wahusika na matumizi ya lugha. Wafikapo kwenye maelekezo ya jukwaani yasemayo kwamba taa zififie au mwanga umwangukie mhusika mmoja, aghalabu huyaruka kana kwamba si sehemu ya matini. Makala haya yanashikilia kwamba kuteua na kurekebisha taa ni tendo la ufasiri, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kulimudu, tena kwa Kiswahili.

Katika mitambo ya zamani, kila taa ilikuwa na kishikizo chake cha kusukumwa juu au chini. Mitambo mingi ya leo hufuata utaratibu wa DMX512, uliobuniwa Marekani mwaka 1986: waya mmoja hubeba njia 512, na kila njia hupokea thamani kati ya 0 na 255. Taa moja ya kisasa yaweza kutumia njia kadhaa: moja ya ukali wa mwanga, nyingine za rangi, nyingine za kuielekeza. Kwa hiyo mwendeshaji huteua kwanza taa kwa nambari yake, au kundi zima, ndipo arekebishe. Amri huzifuata taa zote zilizoteuliwa, na hizo tu. Kwa mwanaisimu wa Kiswahili jambo hili si geni: nomino ikishateuliwa, ngeli yake hutawala viambishi vya vivumishi na vitenzi viifuatavyo. Aliyekosea ngeli amekosea sentensi nzima.

Tuchukue mfano wa Kifo Kisimani (2001), tamthilia ya Kithaka wa Mberia, mwana wa Tharaka. Bokono anatawala, Mwelusi yuko kifungoni. Tuseme kundi la 1 ni taa za makao ya mtawala, na taa ya 7 inamulika seli. Mwendeshaji akiliteua kundi la 1 na kulishusha hadi asilimia 10 kwa sekunde 8, huku taa ya 7 ikibaki katika asilimia 30, hadhira itauona utawala ukififia mbele ya mfungwa asiyezimika. Akiziteua zote pamoja, wote wawili watazama gizani na hoja itapotea. Hakuna neno lililobadilika katika matini, ilhali maana imebadilika.

Yupo atakayesema kwamba haya ni mambo ya kumbi kubwa za Nairobi. Shule nyingi za Meru na Embu huigiza mchana, katika kumbi za kulia chakula zenye madirisha mapana. Nasi tu majirani wa Ikweta, ambayo huikatiza barabara ya Meru na Embu karibu na Nkubu, hivyo mchana wetu ni wa takriban saa kumi na mbili mwaka mzima. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, wahitimu wa vyuo vikuu vya Meru, Embu na Chuka ni miongoni mwa watakaoongoza michezo kule Tigania, Runyenjes na Siakago. Mwalimu asiyejua taa hatazidai hata shule ipatapo fedha. Nazo zikija, atamwachia fundi ambaye hakuisoma tamthilia. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Gharama nayo isiwe kisingizio. Programu ya QLC+ hutolewa bure, na huigeuza kompyuta ya kawaida kuwa meza ya taa. Mtu aweza kujifunza kuteua na kurekebisha kabla ya kupata taa halisi. Kwa kuwa msimbo wake uko wazi, imetafsiriwa katika lugha kadhaa, na Kiswahili hakihitaji kuomba ruhusa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ukathibitisha kwamba kazi ya namna hii inawezekana.

Chama chetu kianze na maneno machache: teua, kundi, ukali, rangi, mwelekeo, fifisha, hifadhi. Yote tunayo tayari. Yamekosa kupewa kazi hii tu. Yajaribiwe katika mazoezi, na yasiyofaa yaachwe. Istilahi ambayo mwongozaji hawezi kumnong'onezea mwendeshaji gizani, onyesho likiendelea, itabaki pambo la kamusi. Basi tamthilia yetu ijayo iwe na mwendeshaji wa taa aliyetoka miongoni mwetu, aliyeisoma matini yote.