Tunapima kila kitu, isipokuwa betri ya boti

Nenda sokoni Rumonge asubuhi yoyote uone jinsi tulivyo watu wa kupima. Mawese yanapimwa kwa dumu, na mnunuzi hatoi pesa kabla hajafungua kifuniko na kuchungulia ndani. Ndagala wanawekwa kwenye mzani, na sindano ikisimama pabaya kelele zinaanza. Faranga zinahesabiwa mara mbili, shilingi mara tatu. Kisha jioni mzigo huohuo tunaupakia kwenye boti, tunalipa nauli, tunapanda, na hakuna hata mmoja wetu anayeuliza betri ya boti hiyo ina nguvu kiasi gani.

Mimi nilikuwa hivyo hadi ziwa liliponifundisha.

Nilikuwa narudi kutoka Kigoma na magunia ya chumvi ya Uvinza. Ni takriban kilomita 100 hadi Rumonge, na kwa boti ya mbao iliyojaa, huo ni usiku mzima. Ulikuwa msimu wa upepo wa kusini, mawimbi yakitusukuma kwa nyuma na maji yakiingia kidogo kidogo, kama kawaida. Pampu ya kutoa maji ilikuwa inafanya kazi. Baada ya saa sita za usiku niliona taa zimekuwa za njano, kama mshumaa. Nikamwambia nahodha. Akanijibu, “Lala tu, mama. Betri hii nimeinunua mwaka huu.”

Haikupita muda pampu ikaanza kulia kwa unyonge, halafu ikanyamaza. Taa zikafuata. Tulikumba maji kwa madumu yaliyokatwa, abiria na mabaharia pamoja, gizani, bila taa ya kuwaonyesha wenzetu kwamba kuna chombo hapo. Tulifika salama, Mungu ashukuriwe. Lakini magunia kumi na moja ya chini yalikuwa yamelowa, na kila mtu anajua chumvi inafanya nini ikikutana na maji. Asubuhi fundi alipoipima ile betri ilisoma volti 11.4. Ilikuwa mpya, ndiyo, ila jana yake mchana kutwa ilikuwa inachaji simu na kupiga muziki ufukweni, na hakuna aliyejua imebakiza nini. Hasara ilikuwa yangu. Kwenye hati yangu ya mzigo hapakuwa na neno lolote kuhusu betri.

Ndiyo maana leo nasema kwamba mita ya betri ni mzani wetu wa majini, na sisi wenye mizigo ndio tunaopaswa kuidai.

Siku hizi kuna mita ndogo, inatosha kiganjani, inayofungwa kwenye boti na kuonyesha mambo kadhaa kwa pamoja: volti zilizopo, ampea zinazotoka au kuingia, na jumla ya umeme uliokwisha kutumika tangu betri ilipojaa. Ile ya kawaida kabisa inayosoma volti peke yake ni rahisi kuliko dumu la lita 20 la mawese. Hii ya mambo mengi inazidi kidogo, lakini haifiki hasara yangu ya usiku mmoja.

Kuisoma hakuhitaji shule. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2, imebaki nusu. Ikisoma 12.0, imebaki robo. Ikifika 11.8, hesabu kwamba imekwisha. Inapochajiwa, iwe kwa injini au kwa sola, mita inatakiwa kusoma kati ya 13.8 na 14.4. Injini ikinguruma na mita bado inasoma 12 na kitu, ujue hakuna umeme wa maana unaoingia. Ikipita 15, betri inachemka na kukausha maji yake. Tahadhari moja tu: betri iliyotoka kwenye chaja sasa hivi husoma juu kuliko ukweli. Mwambie nahodha awashe taa dakika chache kisha azime, ndipo usome.

Volti zinakuambia betri ilipo. Ampea zinakuambia inakokwenda. Chukua betri ya ampea 100 kwa saa, ambayo si busara kuitumia zaidi ya nusu, kwa sababu kuimaliza mara kwa mara kunaiua. Kwa hiyo una 50. Taa zikila ampea 3, pampu ikila 4, na simu za abiria zikila 3, hizo ni ampea 10. Hamsini kwa kumi ni saa tano. Safari ya Kigoma haiishi kwa saa tano. Mwenye mita anaiona hesabu hiyo mapema, anachomoa simu za watu na kuibakizia pampu umeme. Asiye na mita anaijua taa zikishakuwa za njano, na hapo amechelewa.

Wapo watakaosema kwamba baba zetu walivuka ziwa hili kwa karabai na nyota, na hawakuwa na mita. Ni kweli, na nawaheshimu. Lakini karabai ukiitikisa unasikia mafuta yamebaki kiasi gani. Betri ukiitikisa haisemi kitu. Tena baba zetu hawakuwa na pampu ya umeme wala abiria thelathini wenye simu. Tumebadilisha chombo, na sasa hatuna budi kubadilisha namna ya kukikagua.

Wapo pia watakaosema mota yao inawashwa kwa kamba, kwa hiyo betri haiwahusu. Hao ndio inaowahusu zaidi. Mota nyingi ndogo za kamba zinachaji betri kidogo sana au hazichaji kabisa. Umeme uliopanda nao ufukweni ndio utakaokupeleka hadi ng'ambo. Na katika miaka hii ya uhaba wa mafuta Burundi, hakuna mwenye boti atakayewasha injini saa mbili gatini ili tu kujaza betri.

Wavuvi wetu wa ndagala wameshaelewa. Waliotoka kwenye karabai na kuingia kwenye taa za LED na betri wanailinda betri kama wavu, kwa sababu taa ikizimika samaki wanatawanyika na usiku umepotea. Sisi wafanyabiashara hatupotezi samaki. Tunapoteza mtaji wa mwaka.

Nisiifanye mita kuwa dawa ya kila kitu. Ajali kubwa za maziwa yetu tunazozikumbuka, MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, zote katika Ziwa Victoria, hazikuwa za betri. Vyombo vilibeba kupita kiasi. Boti iliyozidiwa itazama hata mita ikisoma 12.7. Wala mita haitengenezi waya uliooza au kichwa cha betri kilichojaa kutu. Lakini inavifichua. Pampu ikiwashwa na volti zikaporomoka ghafla chini ya 11, ama betri imechoka ama kuna waya uliolegea, na ni bora kugundua hilo mkiwa bado mmefunga kamba gatini.

Sasa tufanye nini? Naanza na sisi wenyewe, kwa kuwa nauli iko mfukoni mwetu. Kabla hujalipa, uliza: “Nahodha, betri inasoma ngapi?” Uliza kwa heshima, lakini ngoja jibu la namba. “Iko nzima” si jibu, kama vile “mawese ni mengi” si kipimo. Namba hiyo iandikwe kwenye hati ya mzigo, pamoja na saa mliyoondoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Wenye boti nao wamtafute fundi anayeijua kazi. Mita ya ampea huja na kipande cha chuma kinachofungwa upande wa hasi wa betri. Nyaya zote za hasi lazima zipite hapo, la sivyo hesabu itadanganya. Fyuzi iwekwe karibu na betri upande wa chanya. Betri ifungwe isitembee, na mita ikae mahali ambapo nahodha anaiona usiku bila kuacha usukani na maji hayaifikii.

Vyama vya wasafirishaji, kuanzia Rumonge, Minago na Nyanza-Lac hadi Kibirizi na Baraka, vinaweza kuweka mita moja ya mkononi kwenye kila gati kwa ajili ya boti ambazo bado hazijafungiwa. Na wakaguzi wa bandari wa pande zote waikubali namba hiyohiyo. Wanakagua vibali, wanahesabu abiria na maboya. Kuangalia mita ni kazi ya nusu dakika.

Hapa ndipo naiona jumuiya yetu kwa macho. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo mwaka 2022, na Tanzania ni mwanzilishi. Lakini samaki tunayemwita mukeke, mwenzangu wa Kigoma anamwita mgebuka, na kabla ya bei hatuna budi kwanza kuelewana jina. Namba 12.2 haihitaji mkalimani. Ni nusu ya betri kwa Mrundi, kwa Muha na kwa Mbembe. Tukikubaliana kwamba boti yenye mzigo haivuki usiku ikiwa chini ya 12.5 bila kuchajiwa, tutakuwa na kanuni moja ya ziwa zima, iliyotungwa na wanaolivuka.

Mimi siku hizi naembea na mita yangu ndogo kwenye mkoba, pamoja na daftari na kalamu. Manahodha wengine wananicheka. Wengine wameanza kuniita mama volti. Sina ubaya nao. Mwezi uliopita mmoja wao aliipima betri yake akiwa na mita yangu mkononi, akaona 12.1, akanyamaza. Tuliondoka kesho yake. Chumvi yangu ilifika kavu.