HARAMU MNAYOIRUKA KATIKA HISTORIA YA ROKI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu yangu katika imani, soma mpaka mwisho ndipo unijibu. Najua wapo watakaoishia kwenye kichwa cha habari kisha waanze kunitukana.

Inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp klipu ya mhubiri anayewakataza vijana wetu wa vyuo kusoma historia ya muziki wa roki, hata ikiwa ni somo la darasani. Hoja yake ni moja: ati muziki huo ulianza kwa mtu mweusi wa Marekani, Robert Johnson, aliyekwenda njia panda usiku wa manane akamuuzia shetani roho yake ili afundishwe gita. Na watu wanaitikia takbir!

Kwanza niweke wazi msimamo wangu nisije nikasingiziwa. Suala la ala za muziki nimelifundisha msikitini miaka mingi. Nawausia mjiepushe nazo, na khitilafu za wanazuoni mnazijua. Leo sizungumzii kusikiliza, nazungumzia kusoma. Qur'ani imetusimulia habari za Firauni na Qaruni, na hakuna aliyegeuka Firauni kwa kuzisoma. Tumesimuliwa ili tuzingatie.

Sasa twende kwenye hiyo njia panda. Sura ya Al-Hujurat inatuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kumdhuru mtu kwa ujinga. Je, nani kahakikisha?

Robert Johnson alikuwa mtu wa Mississippi. Alirekodi nyimbo 29 huko Texas mwaka 1936 na 1937, akafa 1938 akiwa na umri wa miaka 27. Kisa cha njia panda alikisimulia mtu mwingine kuhusu ndugu yake, mpiga gita aitwaye Tommy Johnson. Majina yakafanana, kisa kikahamishiwa kwa Robert. Huyu Robert alikuwa na mwalimu, tena binadamu kama wewe, jina lake Ike Zimmerman. Familia ya mwalimu huyo imeeleza kwamba wawili hao walikuwa wakifanya mazoezi makaburini usiku, mahali penye utulivu. Basi! Mtu alijifunza kwa bidii, mhubiri akamzulia maiti mkataba na Iblisi. Huo si uchamungu. Huo ni uzushi, na kusemwa na mtu aliyevaa kanzu hakuufanyi kuwa kweli.

Na jiulize kwa nini kisa hicho kimeenea. Kisa cha shetani kinauza santuri. Sisi tunawasaidia wauzaji kutangaza bidhaa, halafu tunadhani tunafanya da'awa.

Lakini kosa kubwa zaidi ni lile waliloliacha. Katika hadithi qudsi iliyopokewa na Bukhari tumefundishwa kwamba wapo watu watatu ambao Allah Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama: aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akaivunja, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake yote, kisha akamnyima ujira. Washike hao wawili wa mwisho, kisha ufungue historia ya roki. Utawakuta humo tangu mwanzo.

1. KUUZWA MTU HURU

Roki imezaliwa na bluzi, na bluzi imezaliwa na wajukuu wa Waafrika waliovushwa bahari kwa minyororo. Miongoni mwa waliovushwa walikuwemo Waislamu. Omar ibn Said alikuwa mtu wa elimu kutoka Futa Toro, upande wa Senegal ya leo. Alifikishwa Charleston mwaka 1807, na mwaka 1831 akaandika habari za maisha yake kwa Kiarabu, akiwa bado mtumwa. Katika kisiwa cha Sapelo, Georgia, Bilali Muhammad aliacha karatasi zenye mambo ya fiqhi kwa mkono wake. Hao ni ndugu zako, wewe unayesema historia hii haituhusu!

Watumwa walipoasi South Carolina mwaka 1739, sheria ya mwaka uliofuata ikawakataza ngoma. Ala za nyuzi ziliendelea. Banjo yenyewe asili yake ni ala za nyuzi za Afrika Magharibi. Wapo watafiti, kama Sylviane Diouf na Gerhard Kubik, wanaoona katika uimbaji wa bluzi athari ya visomo vya Waislamu wa Sahel, ile sauti inayovutwa na kupindwapindwa katika silabi moja. Ila msikimbilie upande wa pili mkaanza kutangaza kwamba bluzi ni adhana. Hiyo ni hoja ya watafiti, tuichukue kwa kiasi chake.

Wala tusinyooshe kidole Marekani peke yake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na miongoni mwa wauzaji na wanunuzi walikuwemo watu waliosujudu kama sisi. Anayesimulia dhulma ya wenzake akaificha ya kwao hajasimulia kwa haki.

2. KUNYIMWA UJIRA

Utumwa Marekani ulikomeshwa mwaka 1865. Kikaja kilimo cha kugawana mavuno. Mwenye shamba mara nyingi ndiye mwenye duka, ndiye mwenye kalamu, ndiye mwenye daftari la madeni. Msimu ukiisha, mkulima anaambiwa bado anadaiwa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni kwa uadilifu. Sasa fikiria daftari lililoandikwa kwa dhulma, mwaka hadi mwaka. Katika mashamba ya pamba ya aina hiyo, Mississippi, ndimo bluzi ilimokulia.

Muddy Waters aliacha shamba mwaka 1943 akaenda Chicago, na huko akapiga bluzi kwa gita la umeme. Wimbo wake wa mwaka 1950 ndio uliowapa jina Waingereza wanaoitwa Rolling Stones. Lakini tazama mapato yalikwenda wapi. Arthur Crudup alirekodi wimbo wake mwaka 1946. Elvis Presley akaurudia 1954, ukamfungulia milango. Crudup akafa 1974 akiwa bado anadai mrabaha wake. Chuck Berry alitoa wimbo mwaka 1955, karatasi ikaandikwa majina ya watunzi wawili zaidi ambao hawakuutunga, mmoja wao mtangazaji wa redio. Haki yake kamili kama mtunzi pekee ilirudi 1986. Willie Dixon alilazimika kuwashitaki Led Zeppelin mwaka 1985 kwa wimbo waliouuza tangu 1969, wakamalizana nje ya mahakama.

Haya ndiyo yaliyomo katika somo mnalolikataza. Kuhusu ala, wanazuoni wamebishana. Kuhusu kula jasho la mtu, nani kabisha? Mbona mmeishupalia ile yenye mjadala, na hii iliyo wazi hamuigusi hata kwa neno moja?

Nitawaambia kwa nini. Shetani wa njia panda hana jamaa msikitini. Dhalimu wa ujira anaye. Anakaa safu ya kwanza, anachangia zulia, na mtumishi wake wa ndani ana miezi mitatu hajalipwa. Na nyinyi wanakamati, ustadhi anayewafundisha watoto wenu alifu na bee, mwezi huu mmempa chake?

Kijana wangu wa chuo, nenda kasome somo lako. Linda swala zako, linda masikio yako, na kila ukutanapo na jina la mwimbaji uliza: nani alifanya kazi, nani alisaini, nani alilipwa? Ukirudi, uje utufundishe, maana tuna haja ya kujua.

Nawe sheikh mwenzangu mwenye ile klipu, ifute. Kisha Ijumaa hii toa khutba juu ya ujira wa mfanyakazi.

Allah atuepushe na kudhulumu na kudhulumiwa. Wabillahi tawfiq.